Jinsi ya kufuatilia jina la Kiskoti ambalo ni ukoo na ni mahali pia: mfano wa Livingstone

Wengi wetu jina Livingstone tumelijua tangu shule ya msingi, tumesoma Ujiji, tumesoma Bagamoyo, halafu siku mtu akifungua ramani ya Uskoti anakuta kuna mji unaitwa Livingston, kama kilomita 25 hivi magharibi ya Edinburgh, basi moja kwa moja anasema aah kumbe hapa ndo kwao. Sio kwao. Babu yake David Livingstone, yule daktari mmisionari aliyesafiri huku Afrika, alitoka kisiwa kidogo upande wa pili wa nchi, na yeye mwenyewe kazaliwa mji mwingine kabisa. Na hili linatokea kwa majina mengi sana ya Kiskoti, jina la ukoo linafanana na jina la mji, watu wanaunganisha haraka haraka, wanaandika kwenye historia ya familia au kwenye kibao cha utalii, na uongo unaanza kutembea. Kwa hiyo hapa naeleza namna ya kulifuatilia jina la aina hii taratibu mpaka ujue ardhi gani ni yake na ipi si yake. Natumia Livingstone kwa sababu ndo tunalolijua huku kwetu na pia kwa sababu lina mambo yote ndani yake.

Anza kwa kujiuliza nani alimpa nani jina. Uskoti kuna mtu aliyeipa ardhi jina lake, kuna ardhi iliyoipa familia jina, halafu kuna familia ambayo haina uhusiano wowote na ile ardhi lakini ikalichukua jina baadae kwa sababu zake. Livingston imepita njia zote tatu.

Karne ya 12, enzi za mfalme David wa kwanza, kulikuwa na mtu anaitwa Leving ambaye alishika ardhi kando ya mto Almond, na makazi yake kwenye hati za Kilatini yanaitwa Villa Leving, yani kijiji cha Leving. Mtoto wake Thurstan akalitoa kanisa la pale kwa abasia ya Holyrood, yani nyumba ya watawa, kule Edinburgh, na hati za namna hiyo ndo zimetuhifadhia jina, bila zile huenda tusingejua kitu. Baadae wenye ardhi ile wakawa wanajiita wa Livingston, jina likarudi kwa watu likiwa ukoo. Tawi moja likapata ardhi ya Callendar karibu na Falkirk karne ya 14 na likapanda sana, Mary Livingston alikuwa mmoja wa wale wasichana wanne walioitwa Mary waliomhudumia malkia Mary wa Uskoti, mwaka 1600 wakapata cheo cha earl wa Linlithgow, halafu wakaunga mkono uasi wa 1715 wa kuwarudisha wafalme wa Stuart na 1716 wakapoteza vyote, cheo na ardhi. Callendar House bado ipo Falkirk, ni makumbusho, unaingia unaangalia.

Sasa ukoo wa pili. Nenda pwani ya magharibi, Argyll, kwenye kisiwa cha Lismore. Hapo kulikuwa na Wagaeli, yani Waskoti wa lugha ya Kigaeli, wanaitwa MacLea, na wao baadae kwenye maandishi ya Kiingereza wakawa Livingstone. Wakuu wao ni Livingstone wa Bachuil, na kazi yao ya kurithi ni kuitunza fimbo ya mtakatifu Moluag, mmisionari aliyefariki mwaka 592, fimbo yenyewe ni ya mti na iko palepale kisiwani mpaka leo. Hawa hawakuwahi kuwa na shamba kando ya mto Almond. Na huku ndo upande wa daktari wetu. Yeye mwenyewe aliandika kwamba baba wa babu yake alikufa vitani Culloden, mwaka 1746, akipigania wafalme wa zamani, na babu yake alikuwa mkulima mdogo kisiwa cha Ulva, jirani na Mull, kisha familia ikahamia Blantyre kwenye kiwanda cha pamba kando ya mto Clyde, na hapo ndo David akazaliwa tarehe 19 Machi 1813.

Umeona eeh. Jina moja, watu wawili tofauti, na ule mji ni wa wale wa kwanza. Hiyo ndo sababu nasisitiza usianze na mji ukaja kwa mtu, anza na mtu unayemjua kwa uhakika, rudi nyuma kizazi kimoja kimoja, na kila kizazi kiwe na karatasi, mpaka karatasi zenyewe zikupeleke kwenye shamba au kijiji.

Karatasi unazipata wapi? Sehemu kubwa ni ScotlandsPeople, hii ni tovuti ya serikali ya Uskoti. Kutafuta jina ni bure ila kuiona picha ya rejesta yenyewe unanunua krediti, kwa hiyo usibonyeze ovyo ovyo, tafuta kwanza, punguza majibu, ndo ulipie. Rejesta za serikali za kuzaliwa, ndoa na vifo zinaanza tarehe 1 Januari 1855. Kabla ya hapo unategemea vitabu vya parokia za kanisa la Uskoti, vya zamani kabisa ni vya 1553 lakini hiyo ni parokia chache sana, visiwani na nyanda za juu vingi vimeanza baadae mno na vina mapengo, ndo hali halisi. Sensa zipo kila miaka kumi kuanzia 1841 mpaka 1921. Ukitaka vitu vya karibuni picha zake hazionyeshwi mtandaoni mpaka muda upite, kuzaliwa miaka 100, ndoa 75, kifo 50.

Kuna siri moja watu wengi hawaijui. Mwaka 1855, ule wa kwanza wa rejesta, walijaza maelezo mengi kuliko mwaka wowote, cheti cha mtoto kina umri wa wazazi, walikozaliwa, walifunga ndoa wapi na lini, na watoto wengine waliokuwa nao. Makarani ikawaelemea, 1856 wakapunguza. Kwa hiyo kama kwenye familia unayoifuatilia kuna yeyote aliyezaliwa au kufa 1855, hata kama ni shangazi wa pembeni kabisa, nunua hiyo picha, itakuokolea muda mwingi sana. Na vyeti vya vifo usividharau, kwa kawaida vinataja baba na mama wa marehemu na jina la mama la usichana. Wanawake wa Kiskoti kwenye hati na kwenye makaburi mara nyingi wanaandikwa kwa jina la kwao, kama vile mama wa pwani anavyobaki binti Saidi hata akiwa na wajukuu, kwa hiyo kwenye jiwe la kaburi ukikuta mume Livingstone na mke McGuarie usidhani hawakuoana.

Kuhusu spelling, hapa lazima uwe mpole. Herufi ya mwisho haithibitishi kitu chochote. Utakuta Levingstoun, Levinstoun, Livingstoun, Livingston bila e, Livingstone yenye e, na David mwenyewe barua zake za ujana alikuwa anasaini bila e. Mtu akikwambia sisi ni wa e na wale ni wa bila e kwa hiyo sio ndugu, muulize hati iko wapi. Kwenye kisanduku cha kutafuta weka Liv* na Lev*, ile nyota inasimama badala ya herufi zozote zinazofuata. Na kama unafuatilia watu wa Argyll tafuta pia McLea, McLeay, McLay, manake mtu huyohuyo anaweza kuwa na jina moja kwenye ubatizo na jingine kwenye sensa, mwandishi kaandika alivyosikia au alivyopenda.

Halafu wilaya. Eneo ambalo leo ni West Lothian, ulipo mji wa Livingston, zamani liliitwa Linlithgowshire, ukitafuta West Lothian kwenye hati za karne ya 18 na 19 utakosa vitu ukasema havipo. Ulva kwenye vitabu vya zamani iko chini ya parokia ya Kilninian and Kilmore kule Mull. Blantyre ni parokia yake yenyewe, Lanarkshire. Andika hizi parokia kwenye daftari kabla hujaanza kutafuta kitu.

Ukifika kwenye hati za ardhi na wasia angalia kineno kidogo kinachokaa kati ya mtu na shamba. Kikiwa "of", yani fulani of Callendar, huyo ni mwenye ardhi. Kikiwa "in" huyo ni mpangaji tu, analima ardhi ya mtu mwingine. Na ukikuta "Livingston of that Ilk" maana yake jina la ukoo na jina la ardhi yake ni lilelile, yani huyo ndo mwenye Livingston ya Livingston. Kineno hiki kinatenganisha bwana mkubwa na mkulima wa kawaida, na watu wengi wanaotaka ukubwa kwenye ukoo wao wanakiruka makusudi. Usikiruke.

Ukishapata jina la shamba hamia kwenye ramani, na hapa Waskoti wametubariki kweli maana maktaba yao ya taifa, National Library of Scotland, imeweka ramani za zamani mtandaoni bure kabisa, unavuta karibu mpaka unaona nyumba moja moja. Kuna michoro ya Timothy Pont ya miaka ya 1580 na 1590, kuna atlasi ya Blaeu ya 1654 iliyotokana kwa sehemu kubwa na kazi yake Pont, kuna ramani ya kijeshi ya Roy ya 1747 mpaka 1755 iliyochorwa baada ya Culloden ili jeshi lijue njia za milimani, halafu kuna za Ordnance Survey, idara ya serikali ya kupima na kuchora ramani, za karne ya 19, zile za inchi sita kwa maili, kuanzia miaka ya 1840. Zile za inchi sita ndo kipenzi changu. Ila jua Roy alipima bara tu, visiwa hakuvigusa, usipoteze usiku mzima unatafuta Ulva humo. Maktaba hiyo pia ina sehemu ya kuweka ramani ya zamani na picha ya satelaiti ya leo ubavu kwa ubavu, ukisogeza mshale huku unasogea na kule, hapo ndo utaona ukuta wa shamba wa 1850 umegeuka kuwa mpaka wa maegesho ya magari.

Kwenye ramani hizo angalia nyumba zinavyochorwa. Nyumba yenye paa imejazwa rangi au mistari, gofu limeachwa wazi, mstari wa nje tu. Ukiona kundi la viboksi vitupu na jina la kijiji pembeni, watu walikuwepo na hawapo. Kisha fungua daftari za majina za Ordnance Survey, zipo mtandaoni, wapimaji walikuwa wakiandika kila jina la kilima, kijito na shamba, spelling zake, na watu wa pale waliowauliza. Kwa jina la mahali huo ni ushahidi mzuri sana kwa sababu unajua neno limetoka mdomoni mwa nani. Ongeza na zile taarifa za parokia ambazo wachungaji waliandika, awamu ya kwanza 1791 mpaka 1799 kwa maswali ya Sir John Sinclair, na ya pili 1834 mpaka 1845, kila mchungaji anaeleza parokia yake, udongo, mazao, watu wangapi, wanaishije, mwingine analalamika kuhusu pombe, mwingine anakueleza jina la mahali limetoka wapi. Hizo asili za majina walizotoa wachungaji zichukue kwa tahadhari, wengi walikuwa wanabuni.

Baada ya hapo, kama una uwezo wa kufika, nenda ukatembee. Sheria ya ardhi ya Uskoti ya 2003 inampa kila mtu haki ya kupita kwenye ardhi nyingi hata ya mtu binafsi, mradi uwe mstaarabu, ufunge mageti, usikanyage mazao na usisogelee nyumba za watu.

Livingston unafika kwa treni kutoka Edinburgh, kuna stesheni mbili, North na South. Utakuta mji mpya, barabara za mzunguko na maduka makubwa, kwa sababu serikali iliutangaza kuwa mji mpya mwaka 1962, mmoja wa ile mitano iliyojengwa Uskoti baada ya vita kuu ya pili. Usikate tamaa, tafuta Livingston Village, kijiji cha zamani kimo ndani ya mji, na kanisa lake la parokia la 1732 lipo. Ngome ya mabwana wa pale iliitwa Peel, haijasimama tena, lakini karne ya 17 bwana wa ardhi ile, Patrick Murray, alikuwa na bustani ya mimea ya kila aina, na alipokufa 1671 mimea yake ikapelekwa Edinburgh ikawa sehemu ya mwanzo wa bustani ya mimea ya kifalme ya huko. Yani bustani maarufu ya mji mkuu ina mizizi ya Livingston, na wanaopita pale kila siku wengi hawajui.

Sasa inua macho uangalie vilima vyekundu. Ukienda upande wa West Calder utaona vilele vitano vimepangana, vinaitwa Five Sisters. Hivyo sio vilima vya Mungu, ni mabaki ya mawe ya shale yaliyochomwa kutoa mafuta. James Young, mkemia wa Glasgow, alipata hataza mwaka 1850 ya kutengeneza mafuta ya parafini, na kuanzia hapo eneo hili likawa linachimba na kuchoma mawe kwa zaidi ya miaka mia, mpaka 1962 sekta hiyo ilipofungwa, mwaka uleule mji mpya ulipotangazwa. Almond Valley, makumbusho ya palepale Livingston, wanaeleza vizuri sana habari ya shale.

Na hapa ndo jina na mahali vinakutana kwa njia ambayo huwezi kuiona kwenye rejesta yoyote. Huyu Young alisoma na David Livingstone chuo cha Anderson Glasgow, wakawa marafiki maisha yao yote, na pesa za parafini zikasaidia safari za Livingstone Afrika. Daktari alipofariki Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia, akina Abdullah Susi na James Chuma na wenzao wakaubeba mwili wake mpaka Bagamoyo, wakafika Februari 1874, na Young ndo aliyelipia Susi na Chuma waende Uingereza mwaka huohuo, wakajenga kwenye shamba lake la Kelly, pwani ya Clyde, mfano wa kibanda alichofia bwana wao. Kwa hiyo Livingston mji na Livingstone mtu sio ndugu kwa damu, lakini mawe ya jirani na mji yaliwasha taa na yakagharamia safari. Kiungo cha namna hii kiandike, ila kiandike kama kilivyo, urafiki na pesa, usikigeuze kuwa ukoo.

Ulva ni safari nyingine kabisa. Unapanda feri Oban kwenda Craignure, unavuka Mull mpaka Ulva Ferry, pale kuna ubao mweupe, unasogeza kifuniko ili rangi nyekundu ionekane, boti ndogo inakuja kukuchukua. Kisiwani kuna magofu ya vijiji na kuna pango linaloitwa Livingstone's Cave ambalo wanaakiolojia wamekuta ndani yake masalia ya watu wa zama za mawe, maganda ya kombe wa baharini waliowala na kadhalika. Mwanzoni mwa karne ya 19 Ulva ilikuwa na watu mamia, wakiishi kwa viazi na kwa kuchoma mwani wapate jivu la kuuza, bei ya mwani ikaanguka, viazi vikaoza 1846, na mwenye kisiwa, Francis William Clark, akawafukuza wapangaji wengi akaweka kondoo. Zile nyumba zisizo na paa kwenye ramani ni hizo. Familia ya Livingstone ilishaondoka kabla, lakini majirani zao walitolewa kwa nguvu, na mimi sioni namna ya kuandika historia ya jina hili bila kuwataja hao. Mwaka 2018 kisiwa kilinunuliwa na jamii ya wenyeji wa huko kaskazini magharibi ya Mull, na watu wameanza kurudi.

Blantyre ni rahisi, treni kutoka Glasgow, na lile jengo la wafanyakazi wa kiwanda, Shuttle Row, ndo makumbusho, unaona chumba kimoja ambamo familia nzima iliishi.

Mwisho kuna jina kurudi huku kwetu, na hili lifuatilie kwa njia tofauti. Blantyre ya Malawi ilianzishwa na wamisionari wa Kanisa la Uskoti mwaka 1876 na ikaitwa kwa heshima ya mji alikozaliwa. Mji wa Livingstone Zambia, karibu na maporomoko ya Victoria, ni kwa heshima yake. Milima ya Livingstone kule Tanzania juu ya ziwa Nyasa, hivyohivyo. Maporomoko ya Livingstone kwenye mto Congo jina lilitolewa na Stanley, Livingstone mwenyewe hakuwahi kufika pale. Kwa kila mahali pa aina hii uliza maswali matatu, nani alitoa jina, mwaka gani, na wenyeji walipaitaje kabla, na hilo la tatu liulize kwa wazee wa palepale kwa lugha yao maana kwenye ramani za wakoloni mara nyingi halipo.

Na kama Livingstone yuko kwenye familia yako wewe, babu wa Kisumu au Mbeya au Kampala anaitwa Livingstone, kuna uwezekano mkubwa hilo ni jina la ubatizo, halikuja kwa damu, hivyo ScotlandsPeople haitakusaidia. Nenda kwenye kanisa alikobatizwa, omba kitabu cha ubatizo, toa mwaka wa kukadiria na jina la baba yake, ukipata ukurasa piga picha mstari wote mpaka jina la aliyebatiza na la msimamizi, manake mara nyingi jina linatoka kwa mmoja wao. Kitabu kikiwa kimehamishwa uliza ofisi ya dayosisi, na usiende Jumapili, nenda katikati ya wiki karani akiwa na nafasi.